Kuezeka Nyumba Yenye Watu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, baba alipokuja kutoka nyumbani Othaya akakuta nimewaambia wapangaji wetu wa Nyeri mjini watoke wote. Ploti ilikuwa na vyumba sita vya mbao, na mabati yalikuwa yameliwa na kutu hadi mtu akilala anaona mawingu. Nilikuwa msichana wa haraka. Nilitaka fundi aling'oe paa lote mara moja, aezeke, amalize, halafu nitafute wapangaji wengine.

Halima, mshonaji wa chumba cha tatu, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni, vitu vyake amevifunga kwa shuka.

"Na huyu ataenda wapi?" baba akaniuliza mbele ya fundi.

"Si atatafuta, baba."

"Atatafuta na hii mvua? Wewe umemtafutia?"

Baba alikuwa na chumba chake mwisho wa safu, cha kulala akija mjini. Alikifungua, akatoa kitanda chake mwenyewe, akaingiza cha Halima. Fundi akaezeka chumba cha Halima. Kilipokwisha jirani akahamia humo, chake nacho kikaezekwa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kazi ya siku chache ikamaliza msimu mzima wa mvua. Muda huo wote baba alilala kwenye banda la mbao huko nyuma, na kifua chake hakikuwa kizuri. Nilimsihi arudi nyumbani, akasema fundi akiachwa peke yake kazi italala. Kifua hicho hakikupona tena. Nilimkasirikia sana, mwanangu, na hata leo namkasirikia kidogo.

Sasa nimechoka. Nimepigilia misumari na kuzibua mitaro ya ploti hii tangu siku hizo, na wewe ndiye unaichukua. Jana uliniambia umewapa watu notisi watoke wiki hii ili urekebishe. Sikugombezi, hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini nyumba yenye watu haitengenezwi kama ghala tupu. Tafuta chumba kimoja kiwe wazi, uwahamishe mmoja mmoja, hata kama fundi atanung'unika. Na ukikosa chumba, chukua hiki changu. Mimi nitalala jikoni, kuna joto.

Mungu akupe paa lisilovuja, akupe na wapangaji watakaokuombea mema. Haya, nenda ukawaambie wafungue mizigo.