Mashuka ya Mlinzi wa Msitu

Ofisini walimwita Mama Majani, ingawa majani yenyewe aliyaona zaidi kutoka angani kuliko ardhini. Miaka kumi na mmoja alikuwa mbele ya kompyuta, feni likimpepea kisogoni, akisoma picha za setilaiti na kusema wapi kumestawi na wapi kumekauka. Kwenye picha hizo mmea wenye afya hupakwa rangi nyekundu, kwa hiyo kila mgeni akichungulia hushtuka.

"Kunaungua wapi huko, dada?" aliuliza mlinzi wa msitu siku ile, kofia mkononi.

"Hakuna kinachoungua, kaka. Wekundu ndio uzima."

"Basi hili doa jeusi ndilo linalonifukuza kazi?"

Ndilo. Mama Majani mwenyewe aliandika kwenye ripoti: miti imekatwa, upande wa kilimani. Mkuu wa ofisi alisoma akapandwa na hasira, na sasa barua ya kumwachisha mlinzi kazi ilingoja sahihi tu.

"Haujakatwa hata mmoja! Tazama." Akainua mguu. Suruali ilikuwa imegandwa na mbegu mbichi za majani mpaka magotini. "Nimetoka humo humo asubuhi hii."

Mama Majani akaikuza picha. Kando ya doa jeusi palikuwa na wingu jeupe lenye umbo la kiatu. Doa nalo lilikuwa kiatu, kisigino na vyote. Masikio yakamwaka moto. Wingu lilitupa kivuli, naye, mtu mzima na vyeti vyake, akakiita ukataji miti.

Mkuu hakushawishika. "Leo kivuli, kesho mtaniambia mzimu. Nileteeni picha nyingine."

"Setilaiti itapita tena baada ya siku tano, saa nne na nusu asubuhi."

"Saa nne na nusu," mlinzi alirudia, kama mtu aliyepewa miadi ya posa.

Siku ya tano chai ya Mama Majani ilipoa mezani. Kilima kilionekana kwa mbali dirishani, naye alishinda akiyagombeza mawingu. Jioni picha ikafunguka: msitu mwekundu ndu, hauna kovu. Ila mbele ya kibanda cha mlinzi paling'aa kitone cheupe pepepe.

Mkuu akaichana barua. Mama Majani akapiga simu.

"Kaka, umepona! Lakini hicho cheupe ni nini?"

"Mashuka yote ya nyumbani, dada, na mapazia. Niliyatandaza nje ili setilaiti inione niko kazini." Akashusha sauti. "Ila mama watoto hanisemeshi tangu asubuhi. Nichapie hiyo picha, nimwonyeshe mashuka yake yalivyofika mbali."

Mama Majani akaichapa kwa rangi, kwenye karatasi kubwa kuliko zote ofisini.