Siku Niliyomkalisha Daudi Benchi

Siku ya kwanza ya kulipwa kucheza mpira wa magongo kwenye barafu, Kocha Mkuu alinikuta mlangoni akaniuliza kama nimekuja kufanya usafi. Nikamwonyesha viatu vyangu vyenye vyuma chini. Akaguna, "Haya, beki, kavae." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Nyie vijana mnauliza kazi ile ilikuwaje. Mama yangu alikuwa nesi, tulikaa Kilburn, na barafu niliijua tangu utotoni, hapa hapa London. Beki anateleza kinyumenyume, macho kifuani mwa mshambuliaji. Ukikodolea macho kile kisahani cheusi kinachopigwa, umekwisha! Ukicheza rafu unatolewa kukaa kizimbani kwa muda, wenzako wanabaki pungufu. Kocha Mkuu alikuwa mkali balaa: "Hulipwi kufunga wewe, rudi nyuma!" Nikirudi, "Mbona uko nyuma sana?" Jamani, mtu afanyeje?

Magoti yalipogoma, Meneja wa klabu akanikabidhi timu niifundishe. Kwa nini mimi? Hakusema, nami nikaogopa kuuliza asije akaghairi.

Baadaye Daudi, mwanangu wa pekee, akaingia kwenye timu hiyo, naye beki. Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Tukifungwa tunashuka daraja. Tukiwa sare, Daudi akabamizwa kwenye ubao wa pembeni, kichwa kikagonga. Akainuka, akaja benchi anacheka.

"Niko sawa, Dad. Nirudishe."

Macho yake hayakutulia. Nikamwambia akae. Akanibembeleza mbele ya wenzake, mpaka akalia. Meneja naye ananifokea kutoka jukwaani, "Mrudishe kijana!" Sikumrudisha. Tukafungwa, tukashuka. Mama yake akampeleka hospitali, mimi nikabaki kujieleza kwa Meneja.

Daudi hakucheza tena. Nyumbani Thamesmead ikawa salamu na chakula, basi. Nikasema ana hasira, ngoja zipoe. Hazikupoa. Akaoa, akahamia Ilford, na tukionana tunaongelea treni na mvua. Mimi nikaendelea kufundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Wakaniaga kwa keki na hotuba, wakasema nimelea vijana wengi. Nilipiga makofi pamoja nao, lakini moyoni sikuelewa wanamsema nani. Wangu mwenyewe nilimwokoa, au nilimharibia maisha?

Mwezi uliopita Mama Daudi akatuchoka. "Nyie wawili mnanimaliza. Nenda kaongee na mwanao!" Nikapanda treni mpaka Ilford. Hata chai sikuigusa.

"Daudi, siku ile nilikukosea?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mechi ile haikumbuki. Benchi, machozi, kunibembeleza, vyote havimo kichwani mwake. Anakumbuka yuko hospitali, mama yake pembeni.

Nikachanganyikiwa kabisa. "Sasa mbona ulininyamazia miaka yote hii?"

Akanitazama kwa mshangao. Safari hii akasema Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Baba, wewe ndiye ulinyamaza. Mimi nilijua niligongwa na tumeshuka, basi. Nikadhani nilicheza vibaya, nimekuaibisha. Nilikuwa nakusubiri uniambie."

Nikavuta kiti karibu yake, nikaanza kumsimulia siku ile.