Maneno Niliyolitilia Jitu

Miaka ya tisini, kila Jumapili baada ya kanisa, nilitoka kwangu Kawangware kwenda Kisumu Ndogo, Kibera, kutafsiri filamu katika banda la video. Filamu ilisema Kiingereza, nami nikasimama kando ya televisheni nikiisema kwa Kiswahili. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini domo nilikuwa nalo.

Jumapili moja waliweka filamu ya familia iliyotokana na mchezo wa video. Jitu linakanyaga vijiji, kijana anaruka moto, akifa anafufuka, basi. Siasa haikuwamo hata chembe. Jitu halikuwa na sababu yoyote ya kukanyaga, na hilo lilinikera, maana nyumba za upande ule zilikuwa zimepakwa alama nyekundu za kubomolewa. Shangazi yangu, muuza dagaa wa omena, alikuwa benchi ya mbele. Nyumba yake ilikuwa na alama.

"Sasa hilo jitu linataka nini?" mtu akauliza.

"Linasema hapa ni pake, muhame!" nikabuni. Banda likachemka. Kijana alipoliangusha, nikapaza sauti: "Hatuhami! Tukikaa ngumu, litarudi lilikotoka!" Makofi yakapigwa mpaka mabati yakalia. Nilijiona mkubwa, mjinga mimi.

Shangazi alikuwa amekubali kuhamia chumba nilichomtafutia Kabiro, karibu na kwangu. Kesho yake nikaenda na mkokoteni kumchukua, akakataa.

"Si wewe ulisema tukae ngumu?"

"Aunty, hiyo ni sinema. Hayo maneno niliongeza mimi."

"Uliongeza kwa sababu uliona ni ukweli."

Nilimsihi mpaka nikalia, akanipa chai. Nikawa napita kwake kila asubuhi kabla ya kazi, kumsihi tena, na kila asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa na masufuria yako mahali pake.

Alhamisi nilimkuta mlangoni, karai la omena mikononi. Tingatinga lilikuwa limefika. Ofisa mmoja alisoma karatasi kwa Kiingereza, na majirani wote wakanigeukia mimi.

"Tuambie anasema nini, kijana yangu," shangazi akasema.

Nilitafuta cha kuongeza, nikakosa. Kwa mara ya kwanza nikatafsiri kama ilivyo.

"Anasema mko na dakika kumi."

Shangazi hakusogea. Aliendelea kunitazama, akingoja nimalizie.