Mwalimu Vifuniko

Wazazi walimwita Mwalimu Vifuniko, na walimwita hivyo kwa kumcheka. Chekechea aliyofundisha ilikuwa vyumba vya mbele vya nyumba ya mama mkwe wake. Yeye, mumewe na binti yao waliishi chumba cha nyuma. Akitoka kitandani yuko jikoni, akitoka jikoni yuko darasani, na kote huko bosi ni mmoja. Anayetaka kuona mtu aliyefungwa bila kamba, asihangaike kwenda mbali.

Mama mkwe alijivunia jambo moja: watoto wake waliimba namba mpaka mia. Waliimba madirisha yakiwa wazi, mtaa mzima usikie. Siku moja Mwalimu alipanga vifuniko vya soda mezani, binti yake akavigusa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakukosea.

"Haya, nipe tano."

Mtoto akachukua kile cha mwisho tu, akampa. Kwake yeye, tano lilikuwa jina la kifuniko kile.

Mwalimu alikitazama kifuniko kile kimoja mkononi mwake. Mia wanaiimba, tano hawaijui! Akakata trei za mayai, kila kipande mashimo kumi, mistari miwili ya tano tano. Mstari ukijaa, mtoto anaiona tano bila kuhesabu. Akiongeza viwili chini, anaiona saba.

"Mwanangu," mama mkwe alisema alipoviona vipande hivyo, "wazazi wanaleta watoto wachezee takataka? Mtoto akiimba anasikika. Akipanga vifuniko, nani atamsikia?" Akavifungia vyote stoo.

"Mvumilie mama, si unamjua," mumewe alisema. Alimjua mno.

Kipande kimoja cha trei kilinusurika nyuma ya ndoo ya unga, na binti akawa anakijaza maharage kwa kucheza, mama yake akiosha vyombo. Wakati huohuo shule ya mtaa wa pili ikamwahidi Mwalimu kazi, na chumba cha kuishi humo humo. Walitaka jibu Ijumaa. Aliitamani kazi ile mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Akaamua kusema Alhamisi, saa ya chai.

Alhamisi hiyo mama mkwe alipanga vipande vya mkate, vitano kwa mstari, kwenye sinia la meza ya watoto kumi. Mjukuu akapita, akatupa jicho.

"Bibi, bado vitatu."

"We! Hata hujahesabu!"

"Naona tu. Juu pamejaa, chini viko viwili."

Bibi akahesabu kwa kidole. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi, akamgeukia Mwalimu.

"Mwanangu, kumbe ulikuwa unanizunguka jikoni kwangu mwenyewe?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Kizuri chajiuza!" Akamtilia ufunguo wa stoo kiganjani, akaufumba mkono wake kwa mikono yake miwili. "Vitoe. Mimi nimezeeka. Kuanzia leo shule hii ni yako. Huendi popote, mwanangu."

Alisema kwa upendo kabisa, na hapo ndipo ilipouma. Angepigiwa kelele, angeondoka. Maneno aliyoyaandaa tangu asubuhi hakuyasema.

"Asante, mama," akasema.

Alifungua stoo, akapangusa vumbi. Binti yake akaketi sakafuni, akajaza trei shimo kwa shimo.

"Mama, ona. Imejaa. Hata kimoja hakiingii tena."

"Vizuri sana, mwanangu," alisema Mwalimu, akageukia ukutani mtoto asimwone. Ijumaa hakwenda.