Gobori la Baba na Ngozi ya Akika Yangu

Sikumwalika mimi yule mtu. Kaka yangu ndiye aliyemleta, Ijumaa baada ya sala, akamketisha barazani kwetu Mambrui kama mkwe, kisha akaniita: "Litoe gobori la baba, mgeni alione."

Nililitoa kwa sababu ni mkubwa wangu, si kwa kupenda.

Gobori lenyewe bovu, nisijidanganye. Mtutu umeliwa na kutu, nyundo imelegea, na tundu la moto, pale fataki ilipokuwa ikivishwa, lilizibwa zamani kwa amri ya serikali. Karatasi yake ninayo. Halitoi hata moshi. Lakini ndilo baba alilolindia shamba letu la Magarini, nguruwe mwitu walipokuja kufukua mihogo. Alipofariki lilibaki uvunguni mwa kitanda changu, wala hakuna aliyeliulizia, mpaka kaka aliposikia kuna watu wanatafuta bunduki za kale, wanazitengeneza na kuziweka kama pambo.

Mgeni alikuwa mjuzi, haki yake simnyimi. Alivaa miwani, akaupangusa mtutu, akaiona alama ya mhunzi, akafurahi. Kisha akafika kwenye shingo ya kitako, palipovishwa ngozi ngumu iliyoshonwa kwa uzi wa mkonge. Akakunja uso.

"Huu uchafu utatoka," akasema. "Nitaunga mti mpya, lirudie asili yake."

Uchafu! Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia hiyo ni ngozi ya mbuzi wa akika yangu, aliyechinjwa kwa kuzaliwa kwangu. Kwetu mtoto akichinjiwa akika, mifupa haivunjwi, na ngozi huzikwa pamoja nayo. Baba hakuizika. Wiki hiyohiyo kitako kilipasuka, nguruwe wanamaliza mihogo, naye akakivisha ngozi ikiwa mbichi, mama akaishona, ikakauka ikabana mpaka leo. Majirani walimsema sana, eti atanitia mkosi. Nikiugua homa, ni gobori. Nikianguka mtihani, ni gobori. Nimekua nikisemwa hivyo, na bado nipo, meno yangu yote kinywani.

Kaka akaguna. "Basi vizuri. Mgeni aivue, tukaizike, kosa la baba lisahihishwe. Gobori liende."

Hapo akawa amenishika. Katanguliza dini mbele, nyuma yake kaficha biashara. Na mgeni keshatoa kisu kidogo, ncha i juu ya mshono wa mama.

Nikaweka kiganja changu juu ya ngozi. "Thubutu!"

"Usinitie aibu mbele ya watu," kaka akasema.

"Aibu umeileta mwenyewe, ukaikaribisha na kahawa." "Kaka, shamba tuligawana, ukachukua mafungu mawili, mimi mwanamke moja. Ndiyo sheria, sikufungua kinywa. Hata siku ya akika, wewe ulichinjiwa mbuzi wawili, mimi mmoja. Wako waliliwa wakazikwa, hakuna aliyekuuliza. Huyu wangu mmoja hauzwi wala hazikwi."

Mgeni akarudisha kisu mfukoni. Kaka akalinyanyua gobori kwa mikono miwili, akanipa.

Nililipokea. Ahsante sikusema.