Mwisho wa Mbingu ya Tisa, kwa Sauti ya Kaka Hemedi

Nikisikia mtu anapuliza maikrofoni kabla ya kuongea, hata iwe kwenye sherehe ya kipaimara, miguu yangu huanza kucheza chini ya kiti. Fuu, fuu, halo, halo. Wenzangu wanajua spika inajaribiwa. Mimi najua chombo kinaruka, na kama hujapata pa kukaa, shauri yako. Hapo hapo pua inaniletea harufu ya kuta za viroba vilivyopigwa na jua, vumbi lililomwagiwa maji, na moshi wa jenereta. Hiyo ndiyo harufu ya banda la video la Kaka Hemedi, Misugusugu, nyuma ya maegesho ya malori.

Msomaji wangu, kama hukuwahi kukaa kwenye banda la namna ile, ngoja nikueleze. Runinga ilikuwa moja, imewekwa juu ya meza ndefu, sauti imezimwa kabisa. Pembeni alikaa Kaka Hemedi na maikrofoni yake, akitusimulia kwa Kiswahili kila kilichotokea, huku yeye mwenyewe ndiye steringi anayeshinda mwishoni, ndiye adui, ndiye mlango unaofunguka na ndiye bomu. Kiingereza chake sidhani kama kilikuwa kingi. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na maneno, na sisi hatukudai zaidi ya hapo.

Picha niliyoipenda kuliko chakula ilikuwa ndefu, sehemu baada ya sehemu, na jina lake halisi sikulijua. Hemedi aliiita Mbingu ya Tisa. Steringi alikuwa msichana rubani, akampa jina la Zuhura. Roboti wake aliyekuwa akiharibika kila penye shida aliitwa Mashaka. Yule adui mkuu, kwa kuwa kila chombo kilichopita kwenye himaya yake kilisimamishwa na kukaguliwa, akaitwa Mzee Mizani, kama ile mizani ya barabarani ya kupimia malori, na madereva wa malori waliojaa mle ndani walimzomea kwa uchungu wa kweli. Zuhura alikuwa anamtafuta baba yake, rubani aliyeondoka na shehena akapotelea huko kwenye nyota. Sura ya yule baba hatukuwahi kuiona. Kila alipotokea kwenye kumbukumbu za Zuhura alikuwa amevaa helmeti yenye bonde la kugongwa upande mmoja.

Nina msimamo wangu kuhusu picha ile, na nikiwa kwenye mada hii sikai chini. Sehemu ya kwanza inajikokota, lakini ivumilie. Ya nne ndiyo kiboko: Mashaka anazima katikati ya vita na Zuhura anakiendesha chombo kwa kuangalia nyota dirishani. Ya tano wamekaa jangwani wanabishana mambo ya bunge mpaka unatamani Mzee Mizani awalipue. Na zile zilizotoka miaka ya karibuni, za mjukuu wa Mzee Mizani kugeuka mtu mwema, hizo ni biashara tu, msiniambie kitu. Sehemu ya sita, iliyokuwa ya mwisho enzi zetu, niliitetea miaka yote kama ninavyotetea ndugu yangu, ingawa tangu bandani sikuwahi kuirudia.

Niliitetea kwa sababu baba alirudi.

Baba yangu mimi alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia. Zamani alikuwa anaondoka na kurudi, na akirudi anapiga honi mara kadhaa akiwa bado mbali, nami natoka mbio hata kama nina sabuni kichwani. Kisha akaondoka, akakawia. Mvua zikanyesha, zikakatika, shule zikafunga, zikafungua. Nikawa mtoto wa kutotulia. Honi yoyote ilinitoa mezani. Darasani nilikaa upande wa dirisha, mwalimu akinihamisha narudi. Nikimuuliza mama, anasema barabara ni ndefu, kisha anatafuta kitu cha kufuta. Nyumba yetu iling'aa sana mwaka ule.

Mama alikuwa karani wa serikali, mtu wa kupiga pasi mpaka leso. Banda la Hemedi aliliita darasa la wahuni, na nilipokwenda nilikwenda kwa kujiiba, nikarudi nikachapwa, nikaenda tena. Kwa hiyo ile Jumamosi aliponiogesha mchana, akanivalisha gauni la kanisani na kuniambia tunakwenda kwa Hemedi nikaangalie mwisho wa picha yangu, nilidhani ananitega. Nilitembea nyuma yake nikisubiri ageuke. Hakugeuka. Alinifikisha mlangoni, akasalimiana na Hemedi bila kumtazama usoni, kisha akaenda kukaa nje kwenye benchi la muuza mihogo, mkoba umekaa mapajani.

Hemedi akanikalisha mbele kabisa. Siku ile alisimulia vibaya. Aliruka maneno, akamchanganya Mashaka na Mzee Mizani, madereva wakaanza kupiga miluzi. Mwishoni Zuhura amesimama uwanjani peke yake, upepo unampiga. Chombo kinashuka. Mlango unafunguka, anateremka mzee mmoja, anavua helmeti yake. Mkononi ameshika nyingine, ile yenye bonde.

Maikrofoni ikanyamaza. Niligeuka kumwangalia Hemedi, nikamkuta ananiangalia mimi.

"Huyu hapa!" akapiga kelele, sauti imekwaruza. "Huyu hapa baba! Mwanangu Zuhura, nimechelewa, lakini nimekuja! Na helmeti hii nimekuletea wewe, kuanzia leo tunaendesha wote!"

Zuhura akapiga magoti, akaikumbatia ile helmeti, akalia. Alilia sana.

"Mbona analia hivyo?" niliuliza kwa sauti.

"Furaha, mdogo wangu," Hemedi akajibu kwenye maikrofoni. "Hiyo ni furaha imezidi."

Nyuma yangu dereva mmoja alianza kusema, "We Hemedi, acha uong..." halafu kama alizibwa mdomo.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Baba hakurudi. Nilipokuwa kidato cha pili shangazi aliniambia wazi kwamba alikuwa ameanza maisha mengine Tunduma, na kwamba mwaka ule ule alimtuma dereva mwenzake kwa mama na ujumbe kuwa asisubiriwe. Nikakasirika, nikakua. Banda likavunjwa. Ila Mbingu ya Tisa nilibaki nayo, na ofisini kwetu Kibaha najulikana kwa kuibishania.

Hivi karibuni kijana wa ofisini, Baraka, alisema sehemu ya sita ndiyo iliyoharibu kila kitu, maana baba wa steringi anakufa hata sura yake hatujaiona. Nilimcheka. Nikamwambia hajaiangalia.

"Dada, wewe uliangalia ipi?" akauliza.

Akaniwekea kwenye simu, wakati wa chakula, na sauti yake yote. Nikamwona mzee akiteremka. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema kwa Kiingereza kwamba baba yako hakufika, nimekuletea helmeti hii tu. Wali wangu ulipoa. Baraka aliniuliza kama naumwa, na nilishindwa kukaa, nilishindwa kusimama, nikazunguka uwanja wa ofisi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi yake nikaenda Kisarawe. Nilisikia Hemedi alirudi kwao Msimbu, analima mihogo na mananasi. Nilimkuta anapalilia, nywele nyeupe, sauti ile ile.

"Shikamoo, Kaka Hemedi."

"Marahaba. Wewe si wa mbele kabisa?" Akacheka, kisha akaona sicheki. Akaweka jembe chini.

Nilimshambulia. Nilimwambia kwa sababu yake niliendelea kukimbilia honi mpaka nilipoanza kuvaa sidiria. Nilimwambia alinidanganya mbele za watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama yako alikuja asubuhi ile," akasema. "Akaniuliza ile picha anayoiimba mtoto inaishaje. Nikamwambia, baba harudi. Akasema, basi mchana namleta, mwambie wewe kwa hiyo picha, mimi kila nikifungua mdomo nashindwa. Nikakubali. Nikajiandaa kabisa. Halafu ukageuka, una gauni lako lile." Alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Nilishindwa na mimi. Mama yako hakunisemesha tena mpaka nahama."

Mama ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumuuliza. Lakini njiani kurudi Kibaha, huku nikibadilisha mkao kila kona mpaka jirani yangu akaguna, nilikumbuka kitu ambacho siku zote nilikuwa nakihesabu kama ushindi wangu.

Nilipotoka bandani siku ile, nilimkuta mama amesimama, mikono imefunguka kidogo, kama mtu aliyejiandaa kupokea mtoto anayelia. Nikamfikia nacheka. Nikamwambia, mama, baba yake Zuhura amerudi, amekuja na helmeti mbili. Mama alimtazama Hemedi mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye benchi, akanivuta, akaninunulia mihogo na kachumbari, yeye asiyekula vya barabarani. Malori yalikuwa yanapita.

"Amerudi kweli?" akauliza.

"Kweli."

"Alisema alikuwa wapi siku zote hizo?"

Nikamweleza. Yale ambayo Hemedi hakusema niliyatunga mwenyewe: chombo kiliharibika, Mashaka hakuwepo, Mzee Mizani alimzuia, njia zote zilifungwa, lakini kila siku alikuwa anawakumbuka. Mama alinisikiliza bila kunikatiza, muhogo umepoa mkononi, na nilipofika mwisho akaniomba nirudie pale aliposema anawakumbuka. Nilirudia kwa furaha. Nilidhani hatimaye nimempata, na yeye ameipenda picha yangu.