Mfupa wa Dorika na Mwanamfalme wa Oksijena

Enzi zetu, na hapa nasema nanyi mliokalia mabenchi ya mbao yaliyotuchana sketi kule Saio, mtaa wetu wa Bunia, mtoto hakuwa na simu ya kumwonyesha sayari nyingine. Akitaka sayari aliitengeneza mwenyewe kwa biki na kaye, kalamu na daftari. Mimi nilitengeneza moja nikaiita Oksijena, kwa sababu wiki ile mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa ametufundisha habari za hewa, na neno lile niliona ni zuri mno kuishia puani tu.

Tulikuwa watoto wa vumbi jekundu. Soksi nyeupe zilifika shuleni zikiwa na rangi ya matofali, na mama zetu walizifua kila jioni kama watu waliopewa adhabu. Mbele ya geti alikaa mama mmoja akiuza mikate ya mafuta, akiifunga kwa kurasa za kaye za wanafunzi wa miaka iliyopita, hata ukala mkate wako huku ukisoma makosa ya hesabu ya mtu usiyemjua. Saa ya mapumziko, rekreasio, wasichana walicheza nzango, miguu ikipigwa chini na makofi juu, vumbi likafika mpaka kwenye ofisi ya direkta, mkuu wa shule. Mimi sikuwa hodari wa nzango. Miguu yangu ilikuwa na maoni yake. Ndiyo maana nikawa mwandishi, na msiamini mtu anayewaambia kwamba alizaliwa na kipaji.

Kitabu changu kilikuwa cha safari za angani, chenye uchawi kidogo na mashine nyingi. Mrithi wa kiti cha Oksijena, kijana aitwaye Heliyo, alipinduliwa na mjomba wake Azoti. (Majina yote niliyatoa kwenye somo lile lile. Mwalimu angesoma, angejua angalau mtu mmoja alimsikiliza.) Azoti akamvisha Heliyo mkufu wa chuma wenye laana: aliyeuvaa hawezi kukanyaga ardhi ya Oksijena, na hauvuliki shingoni ila kwa njia moja, kumvisha mtu mwingine anayekuamini. Basi Heliyo akapanda chombo chake cha mabati, kilichotumia mafuta ya mawese, akaanguka kwenye kiwanja cha mpira cha Nyakasanza, mtaa mwingine wa mji wetu, ambako mama mmoja mjane alimpokea kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Kwa nini mtu atoke kwenye nyota na aanguke hasa Nyakasanza, sikueleza, na hakuna aliyeuliza.

Kila sura ilikuwa na jaribu lake. Heliyo anakutana na mlinzi anayemwamini, anatamani kwao, mkono unafika kwenye mkufu, halafu anakataa. Tena anakataa kwa hotuba. Hotuba zile niliziiba kwa padri wetu wa Jumapili, nikabadilisha tu neno Yerusalemu nikaweka Oksijena. Nilijiona mtu mwenye roho safi kuliko wote wa darasa, kwa kuwa mwanamfalme wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Leo nikikumbuka nacheka, na kicheko chenyewe hakiendi mbali.

Msomaji wangu mkubwa alikuwa Dorika. Alikuja katikati ya mwaka, yeye na mama yake, kutoka upande wa Mahagi, kandokando ya ziwa, wakati watu wengi walikuwa wanahama huku na kule na nyumba za Saio zinajaa wageni. Walikaa kwa shangazi yake, ukuta mmoja na kwetu. Kwao waliacha shamba la kahawa, mbuzi, na nyumba ya babu yenye baraza pana, na Dorika, mtoto wa pekee, ndiye angekuja kuwa mwenye vyote hivyo. Hakulia mbele yetu. Alikuwa akisema tu, "Kwetu iko mayi mingi," akimaanisha maji ya ziwa. Niliposoma sura za Heliyo alisikiliza mdomo wazi, na mimi, mwandishi mkubwa, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa lazima niwakumbushe semboli, maana wenzangu wengine wamejitahidi kuisahau. Shuleni ilikatazwa kusema lugha nyingine isipokuwa Kifaransa. Ukiteleza ukasema Kiswahili, ulivishwa kamba yenye mfupa wa ng'ombe uliotobolewa. Ulikaa nao shingoni mpaka umkamate mwingine anayesema Kiswahili, ndipo unamvisha yeye. Ijumaa, kengele ya mwisho ikilia, mwenye mfupa alisimama mbele ya bendera, halafu alikwenda kusugua vyoo. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa mwindaji. Ulikanyagwa mguu na rafiki yako kwa makusudi, ili useme "Mama yangu," na mfupa huo shingoni.

Dorika hakuwahi kukamatwa. Kifaransa chake kilikuwa maneno kama kumi, na njia yake ya kujikinga ilikuwa kunyamaza. Alinyamaza asubuhi nzima. Mahali pekee alipofungua kinywa ni nyuma ya jiko la shule, mimi na yeye peke yetu, kaye yangu magotini, kwa kuwa kitabu changu kilikuwa cha Kiswahili na pale palikuwa nchi yetu. Hatukuwahi kula kiapo. Ilijulikana tu kwamba nyuma ya jiko mfupa haufiki.

Halafu ikafika Ijumaa moja ambayo nilikuwa nimeuvaa mimi. Mimi, wa kwanza wa darasa kwa Kifaransa. Nilijigonga kidole kwenye mlango nikataja jina la shetani kwa lugha ya nyumbani, na kijana aliyekuwa na mfupa akanivisha kwa furaha kubwa. Na siku hiyo wazazi waliitwa shuleni mchana. Mama yangu alikuwa ameshanionya: "Siku nitakukuta na ile mufupa mu shingo, utanijua vizuri." Mama hakuwa mtu wa kutisha bure.

Nilizunguka rekreasio nzima nikiwinda. Watu wote walikuwa wamefunga midomo kwa sababu ya Ijumaa. Nikaenda nyuma ya jiko. Dorika alikuwa ameshakaa, ananisubiri, maana tulikuwa tumefika mahali pazuri: mjane wa Nyakasanza amelala, Heliyo amesimama karibu naye, mkono kwenye mkufu, na chombo cha mabati kinanguruma nje. Nikasoma mpaka hapo, nikafunga kaye. Nikamuuliza, kwa Kifaransa changu kisafi, kama anadhani Heliyo atamvisha yule mama.

Dorika akanitazama kama mtu aliyetukaniwa ndugu.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili. "Heliyo hawezi kufanya vile. Ule mama alimupatia chakula. Anamwamini."

Nikavua mfupa nikamvisha.

Hakupigana. Aliushika, akautazama, kisha akanitazama mimi, na akasema polepole, "Kumbe." Neno hilo moja. Mchana mama yangu alinikuta shingo tupu akanisifu mbele ya wazazi wengine, na Dorika alisimama chini ya bendera.

Mngedhani Jumatatu alimkamata mtu. Mimi nilitegemea hivyo, nilitaka iwe hivyo, tena nilimpelekea watu wenye midomo mirefu ili awakamate haraka nipate kupumua. Dorika hakumkamata mtu. Watoto walimsemesha Kiswahili usoni, kwa mchezo kwanza, halafu kwa mazoea, naye alivaa mfupa wake na kuwapita. Baada ya wiki mbili kiwanja kizima kilijua kwamba mfupa umekwama kwa Dorika, na hauhami. Basi tukasema Kiswahili kwa raha zetu, nzango zikaimbwa kwa Kiswahili, mafumbo yakarudi, matusi yakarudi. Muhula mzima shule yetu ilikuwa huru, na kila Ijumaa msichana mmoja alisugua vyoo kwa ajili ya uhuru huo.

Ijumaa moja nilichukua ufagio nikaenda kumsaidia. Nilifika kwenye ukuta wa vyoo, nikamsikia anaimba ndani, wimbo wa kwao, na maji yanamwagika. Niligeuka nikarudi darasani na ufagio wangu. Nimeandika maisha yangu yote hotuba za ujasiri, na hatua zile kumi sikuzipiga. Nilikuwa naona haya, ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Siku nyingine nilimwambia anirudishie mfupa. Alitikisa kichwa. "Weye uandike tu. Unimalizie hadisi." Lakini hadithi ilinigomea. Kila nikiandika kwamba Heliyo alikataa, biki ilikuwa nzito, na kila nikitaka kuandika kwamba alikubali, nilikumbuka uso wa Dorika. Kaye yangu iliishia pale pale, mkono kwenye mkufu, mama amelala.

Likizo kubwa ilipoanza, mama yake Dorika alisikia kwamba njia ya kwao imefunguka, wakaondoka asubuhi na mapema bila kuaga. Muhula mpya direkta alitafuta semboli, hakuiona. Mwalimu aliahidi kuleta mfupa mwingine. Aliahidi mwezi wa tisa, aliahidi mwezi wa kumi, na watu wazima walipochoka kuahidi, mambo yakaisha hivyo.

Mimi nilikua nikawa mwalimu. Mwalimu wa Kifaransa, cheka tu. Mwaka jana kwaya yetu ilinituma sokoni Ariwara kununua bitenge vya sare. Nikaingia duka moja, mwanamke mnene mwenye miwani anapima vitambaa kwa mkono, na kwenye kufuli la mlango zinaning'inia funguo zake, zimefungwa kwenye mfupa mweupe uliolainika kwa kushikwa miaka yote hiyo.

Yeye alinijua kabla sijamsalimia. "Mwandishi wa Oksijena," akasema, akanivutia kiti. "Heliyo alirudia kwao?"

"Sikumaliza, dada."

"Nilijua."

Nikamwuliza kwa nini hakumpa mtu mfupa ule, muhula mzima. Aliendelea kupima kitambaa.

"Nilitafuta mutu wa kumupa," akasema. "Lakini weye ulikuwa umeshanisomea ile kitabu yako. Mara tano Heliyo alikataa. Miye niliamini ni kweli."

Nililia pale juu ya bitenge vya kwaya. Alinipa kipande cha kitambaa nijifute, kisha akafungua funguo zake kwenye mfupa, akapitisha kamba, akanivisha shingoni katikati ya soko. "Umesema Kiswahili hapa kwangu tangu saa tatu," akasema. "Vaa. Siku utaandika mwisho, utatoa."

Nikarudi Bunia nao shingoni. Kwenye vizuizi vya njia askari waliniuliza kama ni dawa. Binti yangu aliniuliza kama ni mtindo mpya, akataka kunipiga picha. Yeye na wenzake wana sayari kwenye simu, zenye rangi na moto na mashujaa wanaokufa mara tatu na kuamka. Wanasema Kifaransa, Kiswahili na Kilingala katika sentensi moja na hakuna anayewavisha kitu. Nawacheka kwamba hawajui kusubiri sura ifuatayo mpaka kesho nyuma ya jiko. Nawaonea wivu pia, maana hawajawahi kuwindana. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningerudi kwenye vumbi lile, kwa Ijumaa moja tu, nikiwa na ufagio.

Juzi nimeandika mwisho. Heliyo alimvisha mama aliyelala. Akarudi Oksijena, wakampigia ngoma, akatawala vizuri, na kila alipokaa kula bugali alinyamaza. Niliupiga picha ukurasa huo nikamtumia Dorika. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake soko linasikika.

"Sasa iko kweli," alisema. "Toa."

Nimeutoa. Umefungwa kwenye funguo za nyumba yangu, na kila jioni nikifika mlangoni naushika kwanza.